Kuchagua Monita ya Uwanda Mpana wa Rangi kwa Kazi za Usanifu wa Michoro

Monita zinazotangazwa kuwa na uwanda mpana wa rangi zimeenea madukani, na bei zake huzidi kwa mbali bei za monita za kawaida zenye ukubwa uleule. Wasanifu wa kadi za harusi na za michango, wa vifungashio, mabango, majarida na nembo huambiwa na wauzaji kwamba bila monita ya aina hiyo kazi zao haziwezi kuwa na rangi sahihi. Kauli hiyo ni kweli kwa baadhi ya kazi, na kwa kazi nyingine si kweli hata kidogo. Wapo waliotumia akiba yao kununua monita ghali, kisha wakarudishiwa kazi na wateja kwa sababu nyekundu iliyong'aa kwenye skrini ilitoka kwenye karatasi ikiwa imefifia. Gharama ya kuchapa upya kazi ya namna hiyo humwangukia msanifu mwenyewe.

Katika sura hii tunaeleza maana ya uwanda wa rangi, nani anauhitaji, jinsi ya kusoma vipimo vilivyoandikwa kwenye kasha, na mambo ya kukagua kabla ya kulipa. Hatupendekezi chapa yoyote. Lengo letu ni kumwezesha mlaji kuuliza maswali yanayofaa na kuyaelewa majibu.

Uwanda wa rangi ni nini

Kila rangi inayoonekana kwenye skrini hutokana na mchanganyiko wa mianga mitatu: nyekundu, kijani na buluu. Monita haiwezi kuonyesha kijani kilichokolea kuliko kijani chake yenyewe, wala nyekundu iliyokolea kuliko nyekundu yake. Jumla ya rangi zote zinazopatikana kwa kuchanganya mianga hiyo mitatu ndiyo inayoitwa uwanda wa rangi wa monita husika. Kadiri mianga hiyo inavyokuwa safi na iliyokolea, ndivyo uwanda unavyopanuka.

Ili vifaa mbalimbali vielewane, wataalamu waliweka viwango. Vitatu kati yake vina umuhimu kwa mnunuzi.

sRGB ni kiwango kilichopendekezwa mwaka 1996 na kampuni za HP na Microsoft. Ndicho kinachotumika katika sehemu kubwa ya tovuti, simu, picha za mitandao ya kijamii na monita za kawaida. Kinachukua takriban theluthi moja ya rangi ambazo jicho la binadamu linaweza kuzitambua.

Adobe RGB kilitolewa mwaka 1998 kwa ajili ya kazi za uchapaji na upigaji picha. Kinachukua takriban nusu ya rangi zinazoonekana, na kinazidi sRGB hasa upande wa kijani na samawati. Upanuzi huo una sababu: wino wa samawati unaotumika katika mashine za uchapaji hutoa rangi fulani ambazo sRGB haiwezi kuzionyesha.

DCI-P3 kilianzia katika sinema za kidijitali. Toleo lake linaloitwa Display P3 linatumika sana katika simu na kompyuta za siku hizi. Kinazidi sRGB hasa upande wa nyekundu, rangi ya chungwa na sehemu ya kijani.

Hivyo, monita mbili zinaweza zote kuitwa za uwanda mpana, lakini moja ikafaa kazi za uchapaji na nyingine ikafaa kazi za video. Neno "mpana" pekee halimwambii mnunuzi ni upande upi uliopanuliwa.

Kwa nini uwanda mpana unaweza kuharibu kazi

Faili la picha halihifadhi rangi, huhifadhi namba. Tuchukue mfano wa msanifu aliyechora nembo yenye kijani kilichoandikwa kwa namba 0, 255, 0. Kwenye monita ya sRGB, namba hizo humaanisha kijani cha mwisho cha sRGB. Zikipelekwa moja kwa moja kwenye monita ya uwanda mpana, humaanisha kijani cha mwisho cha monita hiyo, ambacho kimekolea zaidi. Namba ni zilezile, lakini rangi inayoonekana ni nyingine.

Tofauti hiyo hurekebishwa na mfumo wa usimamizi wa rangi. Mfumo huo hulinganisha maelezo yaliyomo ndani ya faili na profaili ya rangi ya monita, yaani faili dogo linaloeleza tabia halisi ya skrini hiyo, kisha hubadilisha namba ili rangi iliyokusudiwa ndiyo ionekane. Programu kama Photoshop, InDesign, GIMP na Krita zinao uwezo huo. Programu nyingine nyingi hazinao, na katika kompyuta za Windows hata mandhari ya meza ya kazi kwa kawaida huonyeshwa bila marekebisho hayo, hivyo nyuso za watu huonekana nyekundu kupita kiasi.

Msanifu asiyejua jambo hili huona rangi zimekolea mno, huzipunguza hadi zimpendeze, kisha hutuma faili lenye rangi zilizopauka. Au huziacha kama zilivyo, mteja akaidhinisha alichokiona kwenye skrini, na mashine ya uchapaji ikashindwa kutoa mng'ao huo. Kwa sababu hiyo tunasisitiza: monita ya uwanda mpana isiyosimamiwa vizuri humpotosha mtumiaji wake kuliko monita ya kawaida iliyosawazishwa.

Je, unauhitaji?

Kabla ya kuingia dukani, orodhesha kazi ulizofanya katika miezi sita iliyopita na mahali zilipoishia.

Ikiwa kazi nyingi ziliishia kwenye simu, yaani matangazo ya mitandao ya kijamii, kadi za kutumiana na kurasa za tovuti, monita nzuri inayofunika sRGB kwa ukamilifu inatosha. Fedha utakayookoa inunue kipima rangi, ambacho tutakieleza hapa chini.

Ikiwa unasanifu vifungashio, vitabu vya picha, kalenda au majarida yanayochapwa kwenye karatasi ya kung'aa, au unachapa picha kwa mashine zenye wino wa aina nyingi, monita inayofunika angalau asilimia 95 ya Adobe RGB itakusaidia. Utaona kabla ya kuchapa samawati na kijani ambazo monita ya kawaida ingekuficha.

Ikiwa unahariri video, au unaandaa kazi za kuonekana kwenye simu na kompyuta mpya, tafuta monita inayofunika angalau asilimia 95 ya DCI-P3.

Mabango makubwa ya barabarani, fulana na vipeperushi vya karatasi ya kawaida mara nyingi huchapwa kwa wino na vitambaa au karatasi zisizoweza kubeba rangi zilizokolea sana. Kwa kazi hizo uwanda mpana huongeza kidogo tu. Kinachosaidia zaidi ni kuomba profaili ya rangi kutoka kwa mchapaji wako, kuitumia kuona kwenye skrini jinsi kazi itakavyotoka, na kudai sampuli iliyochapwa kabla ya kuchapa idadi kamili.

Kusoma asilimia zilizoandikwa kwenye kasha

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa, wakati mwingine bila muuzaji mwenyewe kujua.

Kwanza, tofautisha ufunikaji na ukubwa wa eneo. Fikiria mkeka unaolingana kwa eneo na sakafu ya chumba, lakini umbo lake ni tofauti. Ukiutandika, utapanda ukutani upande mmoja na kuacha pembe tupu upande mwingine. Vivyo hivyo, monita iliyoandikwa "asilimia 125 ya sRGB" ina eneo kubwa kuliko sRGB, lakini maandishi hayo hayathibitishi kwamba inafunika sRGB yote, na hayasemi lolote kuhusu Adobe RGB. Ufunikaji hauwezi kuzidi asilimia 100. Ukiona namba inayozidi hapo, ujue unasoma eneo, na uulize ufunikaji ni kiasi gani.

Pili, angalia asilimia hiyo ni ya kiwango kipi. Watengenezaji wengi bado hutumia NTSC, kiwango cha televisheni cha Marekani cha mwaka 1953. Asilimia 72 ya NTSC inakaribia eneo lote la sRGB, hivyo ni monita ya kawaida nzuri. Asilimia 45 ya NTSC, inayopatikana katika kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu, ni pungufu sana na haifai kazi ya rangi. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha "asilimia 72" na mwingine anayekuonyesha "asilimia 100" wanaweza kuwa wanazungumzia skrini zinazofanana.

Tatu, neno "HDR" kwenye kasha si uthibitisho wa uwanda mpana wala wa usahihi wa rangi. Baadhi ya monita hupokea picha za HDR bila kuwa na uwezo wa kuzionyesha ipasavyo.

Vipimo vingine vyenye uzito

Usahihi wa rangi. Tofauti kati ya rangi iliyokusudiwa na iliyoonekana hupimwa kwa kipimo kiitwacho Delta E. Tofauti ya 1 ni ndogo kiasi kwamba jicho huitambua kwa shida. Kwa kazi za kitaalamu tafuta monita yenye wastani usiozidi 2. Baadhi ya monita huja na karatasi ya vipimo vilivyochukuliwa kiwandani kwa monita hiyohiyo. Hakikisha namba ya utambulisho iliyo kwenye karatasi inalingana na iliyo nyuma ya kifaa.

Aina ya paneli. Paneli za IPS hubadilika kidogo sana zikitazamwa kutoka pembeni, na ndizo zinazotumika zaidi kwa usanifu. Paneli za VA zina weusi mzito zaidi, lakini vivuli hubadilika kichwa kikisogea. Paneli za TN hazifai kwa kazi ya rangi. Paneli za OLED zina weusi kamili na rangi nzuri, ila picha isiyosogea kwa muda mrefu, kama vile upau wa zana wa programu, inaweza kuacha alama ya kudumu.

Biti. Monita ya biti 8 kwa kila mwanga huonyesha takriban rangi milioni 16.7, na ya biti 10 huonyesha takriban bilioni 1.07. Uwanda ukipanuka huku idadi ya hatua ikibaki ileile, kila hatua huwa ndefu zaidi, na anga la buluu linalofifia taratibu linaweza kuonekana kama mistari. Kwa hiyo biti 10 ina faida zaidi katika uwanda mpana. Fahamu kwamba monita nyingi zinazoitwa za biti 10 ni za biti 8 zinazobadilisha rangi mbili haraka ili jicho lione ya katikati. Kwa kazi nyingi mbinu hiyo inatosha, mradi usilipie bei ya biti 10 kamili.

Usawa wa skrini. Fungua picha ya kijivu itakayojaza skrini nzima. Pembe zikiwa nyeusi zaidi, au upande mmoja ukiwa na wekundu na mwingine ukijani, rangi utakayoihukumu itategemea mahali ulipoiweka.

Ukubwa na idadi ya nukta. Monita ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 inatosha kuanzia. Kwa inchi 27, nukta 2560 kwa 1440 ni kiwango cha chini kinachofaa, kwani idadi ya 1920 kwa 1080 katika ukubwa huo hufanya herufi ndogo zionekane na kingo za kukwaruza. Nukta 3840 kwa 2160 huonyesha maandishi makali zaidi, lakini hakikisha kompyuta yako ina uwezo wa kuzihudumia.

Modi ya sRGB. Monita ya uwanda mpana inapaswa kuwa na kitufe au chaguo la kuubana uwanda wake hadi sRGB, ili utazame kazi za mitandaoni kama wengine wanavyoziona. Kagua pia kama modi hiyo inakuruhusu kubadilisha mng'ao. Katika baadhi ya monita hufungwa kwenye kiwango kimoja.

Kasi ya hezi 144 au zaidi inawafaa wachezaji wa michezo ya kompyuta. Kwa usanifu wa michoro hezi 60 zinatosha, na hakuna sababu ya kuilipia nyongeza hiyo.

Waya na kompyuta

Monita nzuri inaweza kudhoofishwa na waya. Tundu la zamani la VGA lisitumike kwa kazi ya rangi. HDMI ya toleo la 1.4 hupeleka nukta 3840 kwa 2160 kwa hezi 30 tu, na kishale cha kipanya huonekana kikivutwa. DisplayPort ya toleo la 1.2 au la baadaye hupeleka picha hiyo kwa hezi 60 pamoja na biti 10. Wenye kompyuta mpakato zenye tundu la USB-C waulize kama tundu hilo hupeleka picha, kwani mengine huchaji tu, na kama monita inatoa umeme wa kutosha kuichaji kompyuta.

Kwa upande wa umeme, soma kibandiko kilicho nyuma. Umeme wa majumbani nchini ni volti 230, na monita nyingi hupokea kati ya volti 100 na 240, lakini zilizoagizwa kutoka nje zinapaswa kuthibitishwa moja moja. Umeme unaopanda na kushuka huharibu vifaa; weka stabilaiza au UPS katika hesabu ya gharama.

Kipima rangi na chumba cha kazi

Hakuna monita inayobaki sahihi milele. Taa zake hufifia na rangi yake huhama kadiri inavyotumika. Kipima rangi ni kifaa kidogo kinachowekwa juu ya skrini. Husoma rangi zinazoonyeshwa na kutengeneza profaili ya monita yako. Tunaona kwamba mnunuzi mwenye bajeti finyu hunufaika zaidi na monita ya sRGB pamoja na kipima rangi kuliko monita ya uwanda mpana isiyo nacho. Wasanifu wanaofanya kazi jirani wanaweza kuchangia kifaa kimoja, kwani hutumika kwa dakika chache, takriban mara moja kwa mwezi. Hakikisha tu kwamba kifaa hicho kinatambua aina ya taa za monita yako, kwa sababu vya zamani hukosea kwenye skrini za uwanda mpana.

Kabla ya kupima, iache monita iwake kwa nusu saa. Kwa kazi za kuchapa, mng'ao wa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba unafaa. Monita hutoka kiwandani ikiwa na mng'ao mkubwa kuliko huo, na hii ni sababu mojawapo kuu ya wateja kulalamika kwamba picha zilizochapwa ni nyeusi kuliko zilivyoonekana. Epuka jua la moja kwa moja kwenye skrini na kuta za rangi kali nyuma yako au pembeni.

Monita iliyotumika

Monita zilizotumika kutoka ng'ambo huuzwa kwa bei ya kuvutia, na baadhi yake ziliundwa kwa ajili ya wataalamu. Lakini zile za uwanda mpana za kabla ya mwaka 2010 hivi zilitumia taa za mirija, ambazo hufifia na kugeuka njano kwa umri. Omba kuona tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko na, pale menyu inapoonyesha, idadi ya saa ilizowaka. Iwashe kwa nusu saa dukani. Tazama nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikijaza skrini, utafute nukta zilizokufa, madoa na kivuli cha picha za zamani. Muuzaji anayekataa kuiwasha ameshakupa jibu.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Aidha, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Kwa hiyo omba muuzaji aandike kwenye ankara jina kamili la modeli, ufunikaji wa rangi alioutaja, na kwamba monita inanunuliwa kwa kazi ya usanifu wa rangi. Dai risiti ya EFD. Uliza kama waranti inatambuliwa hapa nchini au katika nchi ilikotoka tu, na ni nukta ngapi zilizokufa zinazompa mnunuzi haki ya kubadilishiwa. Hifadhi kasha na vifungashio vyake hadi utakapomaliza kukagua.

Ukibaini kwamba bidhaa hailingani na ilivyoelezwa, mrudie muuzaji mapema ukiwa na risiti na picha za tatizo. Mkishindwa kuelewana, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani.

Maswali ya kubeba dukani

1. Ufunikaji wa sRGB, Adobe RGB na DCI-P3 ni asilimia ngapi kila mmoja?
2. Je, hiyo ni asilimia ya ufunikaji au ya eneo?
3. Paneli ni ya aina gani, na biti 10 zake ni kamili au za kuigiza?
4. Je, kuna karatasi ya vipimo vya kiwandani yenye namba ya kifaa hiki?
5. Je, kuna modi ya sRGB, na mng'ao hubadilishika ndani yake?
6. Ina matundu gani, na je, waya unaofaa umo ndani ya kasha?
7. Waranti ni ya muda gani, na huduma yake hutolewa wapi?
8. Je, naweza kuiwasha na kuikagua kabla ya kulipa?

Muuzaji asiyejua jibu si lazima awe mdanganyifu. Mwombe modeli kamili na usome maelezo ya mtengenezaji kabla ya kurudi. Siku mbili za kusubiri zina gharama ndogo kuliko vifungashio elfu moja vilivyochapwa kwa rangi ambayo mteja hakuiagiza.